Diski Kuu kwa Amiga 1200 ya Mjomba: Shajara ya Mradi

Machi 2

Leo nimeichukua kompyuta ya mjomba kutoka Temeke na kuileta kwangu Magomeni, ikiwa imefungwa kwa khanga mbili na kuwekwa katika boksi moja na disketi zake 46. Ni Amiga 1200, mashine ya nyumbani iliyotolewa na kampuni ya Commodore mwaka 1992, yenye prosesa ya Motorola 68EC020 inayokwenda kwa kasi ya takriban megahezi 14 na kumbukumbu ya megabaiti 2. Mjomba alirudi nayo kutoka Ujerumani mwaka 1995, kampuni yenyewe ikiwa imekwisha kufilisika mwaka mmoja kabla, akaitumia kwa miaka tisa katika studio yake ndogo ya video za harusi. Amiga ya PAL, mfumo wa picha uliotumiwa na televisheni zetu wakati ule, hutoa picha yenye mwendo uleule wa televisheni hizo, na kwa kifaa kiitwacho genlock mtu aliweza kulaza maandishi na michoro juu ya picha ya kamera bila kuhitaji mtambo wa gharama kubwa. Majina ya maharusi, tarehe, salamu za familia, na hasa fremu zilizochorwa kwa mfano wa pindo na mji wa khanga, ambazo mjomba alizichora mwenyewe nukta kwa nukta, zote zilitoka humu.

Nilifungua kifuniko cha chuma cha disketi ya kwanza, nikazungusha duara la ndani kwa kidole, nikaona madoa meupe. Ni ukungu. Hewa ya pwani haina huruma kwa disketi, na hizi zimekaa zaidi ya miaka kumi juu ya kabati, masika baada ya masika. Nilifungua nyingine kumi na mbili, na saba kati ya hizo zilikuwa na madoa hayohayo.

Kwa hiyo kusudi la mradi ni kuifungia mashine hii diski kuu, ile ambayo sisi mafundi huiita hadi diski, kisha kuhamishia humo kila kitu kinachosomeka kabla ya mvua za mwezi ujao. Ningeweza kutafuta kifaa cha kuzinakili disketi kwenye kompyuta ya kisasa na kuishia hapo, lakini kazi za mjomba si picha tupu. Kila onyesho huita fonti kutoka disketi moja, fremu kutoka nyingine na hati ya mpangilio kutoka ya tatu, na mashine ina draivu moja tu ya disketi. Ninataka kazi hizo zikae mahali pamoja na zionekane zikitembea katika mashine iliyozizaa, mjomba akiwa ameketi mbele yake.

Machi 5

Kabla ya kugusa diski yoyote nimeanza na bodi. Kapasita ndogo za Amiga 1200 zilizobandikwa juu ya bodi zinajulikana kwa kuvuja, na majimaji yake hula njia za shaba polepole. Za mashine hii zilikuwa zimeanza: chini ya mbili kati ya zile za upande wa sauti palikuwa na utando wa kijani kibichi, na nilipozipasha moto kwa lehemu ilitoka ile harufu ya samaki ambayo kila aliyewahi kufanya kazi hii anaifahamu. Nimebadilisha zote, nikasafisha bodi kwa spiriti na mswaki, na kuiacha ikauke usiku mzima.

Asubuhi niliiwasha bila kitu chochote cha ziada. Ilionyesha picha yake ya kuomba disketi, na rangi zilikuwa safi.

Machi 9

Siku ya umeme. Pawa saplai iliyokuja na Amiga 1200 hutoa ampea 3 kwenye volti 5, ndogo kuliko ile ya ampea 4.5 ya Amiga 500, na ndiyo inayopaswa kulisha bodi, draivu ya disketi na sasa diski kuu pia. Diski niliyoipata, ya gigabaiti 6, nimeitoa katika laptopu mbovu niliyouziwa Kariakoo kwa bei ya chakavu, na lebo yake inasema huhitaji volti 5 peke yake. Hilo ndilo jambo jema kuhusu diski za laptopu za inchi 2.5: hazidai volti 12, na umeme wake hupita katika kebo ileile ya data. Soketi ya IDE, yaani ya kuunganishia diski kuu, iliyomo ndani ya Amiga 1200 ina pini 44, na pini za 41 na 42 ndizo zinazobeba volti 5.

Nilipima kwenye bodi nikapata volti 5.04 mashine ikiwa tupu. Niliunganisha mzigo wa kuiga diski inapoanza kuzunguka, ikashuka hadi 4.83. Kiwango cha chini kinachokubalika ni 4.75, kwa hiyo bado tumo ndani, ila kwa nafasi ndogo mno kwa moyo wangu. Nitatumia pawa saplai ya viwandani yenye volti 5, volti 12 na volti hasi 12, ambayo nilikuwa nayo tangu kazi nyingine, na nitakata waya wa pawa saplai nyingine ya zamani ya Amiga, iliyokufa, ili nipate plagi yake ya mraba. Ile volti hasi 12 isisahauliwe, kwa sababu sauti na soketi ya siriali huitegemea.

Machi 17

Kifurushi kimefika kutoka Uingereza. Ndani yake zimo kebo fupi ya pini 44 na disketi ya Install ya Workbench 3.0, mfumo wa uendeshaji wa Amiga, ambayo rafiki yangu aliye huko aliiandika kutokana na leseni niliyoinunua. Katika boksi la mjomba zilikuwamo disketi tano za mfumo, lakini hiyo ya Install haikuwamo, na ndiyo yenye programu ya HDToolBox, ambayo bila hiyo diski mpya haiwezi kuandaliwa.

Nilikuwa nimejaribu kuitafuta kebo hapa mjini kwa wiki nzima. Katika duka moja niliuziwa kebo ambayo muuzaji aliapa ni yenyewe, kumbe ilikuwa ya pini 40, yenye nafasi pana kati ya pini na pini, isiyoweza kuingia kabisa. Simshangai sana, maana vitu vya kompyuta za namna hii havikuwahi kuwa na soko hapa. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974, na hata marufuku hiyo ilipolegezwa, kizazi cha kompyuta za nyumbani cha miaka ya 1980 kilikuwa kimepita bila kugusa nyumba zetu nyingi. Fundi wa Dar es Salaam anaweza kukufufulia simu iliyoanguka baharini, lakini kebo ya pini 44 zenye nafasi ya milimita 2 kati yake haijawahi kupita mikononi mwake.

Machi 18

Nimefunga. Waya mwekundu wa kebo unaashiria pini ya 1, na nimehakikisha mara tatu, bodi na diski, kwa sababu kuigeuza kebo ya aina hii ni kupeleka volti 5 mahali pasipostahili. Diski ina pini nne za pembeni za kuchagua kama itakuwa ya kwanza au ya pili. Hii yangu nimeiacha bila kifungo chochote cha kuziunganisha pini hizo, na hivyo inakuwa ya kwanza. Chini yake nimeweka karatasi ngumu ya plastiki, maana saketi za diski ziko wazi upande wa chini na ngao ya bati ya Amiga iko karibu sana.

Niliiwasha. Diski ilivuma, taa haikuwaka, na skrini ikaomba disketi. Niliweka disketi ya Install, nikafungua HDToolBox, ikasema hakuna diski yoyote. Nilizima, nikakagua kebo, nikawasha tena, hali ikawa ileile. Nilikaa muda nikisikiliza. Mlio wa diski ulichukua sekunde kadhaa kupanda hadi kutulia, na hapo ndipo nilipoelewa: Kickstart, programu ya kuwashia mashine iliyomo ndani ya chipu yake, huitafuta diski mara tu mashine inapowaka, na diski hii ya laptopu ilikuwa bado haijafika kasi yake. Nilibonyeza Ctrl na funguo mbili za Amiga ili mashine ianze upya bila kukatiwa umeme. Safari hii taa ya diski ikawaka, na HDToolBox ikaionyesha.

Machi 19

Kuigawa diski. Hapa inabidi kwenda taratibu, kwa kuwa programu za mwaka 1992 hazikuwazia diski ya ukubwa huu. Dereva wa diski ulio ndani ya Kickstart 3.0 huhesabu mahali pa kusoma na kuandika kwa baiti, kwa namba ya biti 32, na namba hiyo hufika gigabaiti 4 kisha hurudi sifuri. Ubaya wake ni kwamba haitoi onyo. Ukiandika kitu kupita mpaka huo, kinaangukia mwanzoni mwa diski, juu ya jedwali la mgawanyo na faili za mfumo, na wewe unaona kila kitu kinakwenda salama hadi siku utakapowasha mashine na kukuta haina kitu. Matoleo ya karibuni ya mfumo, kuanzia 3.1.4 la mwaka 2018, yamelitatua jambo hili, lakini mimi ninataka mashine ibaki na Kickstart yake ileile ya mjomba.

HDToolBox iliisoma diski kuwa na vichwa 16 na sekta 63 kwa kila njia. Kila sekta ni baiti 512, kwa hiyo silinda moja, yaani njia za vichwa vyote 16 kwa pamoja, ni baiti 516,096, na gigabaiti 4 zinaishia silinda ya 8,322 hivi. Mimi sikuukaribia mpaka huo. Silinda mbili za mwanzo zimeachwa kwa ajili ya jedwali lenyewe. Sehemu ya kwanza, DH0 ya mfumo, inaanza silinda ya 2 hadi ya 407, yaani megabaiti 200, na DH1 ya kazi za mjomba inaanza 408 hadi 1,423, yaani megabaiti 500. Yote yaliyobaki nimeyaacha wazi, na yatabaki wazi.

Kuna atakayeuliza kwa nini nitupe zaidi ya gigabaiti 5. Disketi moja ya Amiga ina njia 80, pande 2 na sekta 11 kwa kila njia, jumla kilobaiti 880. Disketi zote 46 zikiwa zimejaa pomoni hazifiki megabaiti 41. Miaka tisa ya harusi za watu wa Temeke, Ilala na Magomeni inatosha ndani ya DH1 zaidi ya mara kumi na mbili, na sehemu ndogo ina faida nyingine ambayo nitaieleza umeme utakapokatika, kwa sababu utakatika.

Nimefomati zote mbili kwa FFS, mfumo wa faili wa Amiga, na kuweka Workbench 3.0. Kutoka kuwasha hadi kuona meza ya kazi sasa ni sekunde chache, bila disketi hata moja.

Machi 22

Nimenakili disketi tatu zilizo safi kwa majaribio. Hati na fonti zimekubali. Fremu ndogo zimekubali. Fremu kubwa, ile ya nukta 640 kwa 512 yenye rangi 16, ilifunguka nusu ya juu ikiwa nzuri kabisa, pindo jekundu na korosho zake, kisha chini ikavunjika kuwa mistari isiyo na maana. Niliinakili tena kutoka kwenye disketi, ikawa vilevile. Nikaifungua moja kwa moja kutoka kwenye disketi, na ikaonekana nzima.

Usingizi haukuja mapema usiku huo.

Machi 23

Nimelipata kosa, na nitaliandika kwa urefu kwa ajili ya yeyote atakayefunga diski kwenye mashine kama hii.

Nilitengeneza faili za ukubwa tofauti na kuzifungua kwa programu ambayo husoma faili lote kwa mkupuo mmoja. Za kilobaiti 60 zilikuwa sawa, za 120 zilikuwa sawa, za 140 ziliharibika. Mpaka ulikuwa mahali fulani karibu na kilobaiti 128, na namba hiyo si ya bahati. Amri ya IDE hubeba idadi ya sekta katika namba ya biti 8, ambayo mwisho wake ni 255, na kwa mapatano sifuri husimama badala ya sekta 256. Sekta 256 za baiti 512 ndizo hizo kilobaiti 128. Wakati wa kuandaa sehemu za diski, HDToolBox ilikuwa imeweka katika nafasi iitwayo MaxTransfer thamani kubwa kupita kiasi, maana yake mfumo unaruhusiwa kuomba chochote kwa mara moja, na maombi makubwa yalipofika kwenye diski hii hayakueleweka sawasawa.

Dawa yake ni kuandika 0x1FE00, namba ya msingi wa 16, katika nafasi hiyo, kwa kila sehemu. Namba hiyo ni baiti 130,560, yaani sekta 255 kamili, hivyo ile sifuri yenye utata haitumwi kamwe. Nilifungua HDToolBox, nikaingia katika machaguo ya mfumo wa faili, nikabadilisha DH0 na DH1, nikahifadhi mabadiliko kwenye diski na kuanzisha mashine upya bila kufomati chochote.

Fremu ileile, iliyokuwa imevunjika jana, ilifunguka nzima. Sikuinakili upya. Programu ya kunakili hupeleka faili kwa vipande vidogo, kwa hiyo faili lilikuwa limefika diskini salama, na kilichokosea ni usomaji wa mkupuo peke yake. Niliangalia ule mji wa khanga katikati ya skrini, duara ndani ya duara, na nukta zake nyeupe zilizopangwa kwa mkono, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Machi 29

Umeme umekatika nikiwa ninanakili. Uliporudi, mashine iliwaka kama kawaida, lakini DH1 ilikataa kuandikwa na taa ya diski ikawaka mfululizo. FFS haina kumbukumbu ya kurejesha hatua za katikati: inapoandika huitia alama ramani yake ya nafasi kuwa haiaminiki, na umeme ukikatika kabla alama hiyo haijaondolewa, mfumo hulazimika kuipitia sehemu nzima na kuijenga ramani upya. Kwa megabaiti 500 zenye vitu vichache ilichukua muda mfupi tu, nikapoteza faili moja iliyokuwa njiani, ambayo nimeinakili tena. Sehemu ingekuwa ya gigabaiti 4 na imejaa, ningengoja mno. Hiyo ndiyo faida niliyoiahidi.

Kuanzia leo mashine inakula umeme kupitia UPS, na sheria ya meza hii ni kwamba hakuna kuzima swichi hadi taa ya diski izimike na kupita sekunde kadhaa.

Aprili 5

Mvua zimeanza, na kazi ya disketi zenye ukungu nayo imeanza. Kosa la kuogopa ni kuisoma disketi chafu kwanza na kuisafisha baadaye. Ukungu hubaki juu ya vichwa vya draivu, hukwaruza uso wa disketi hiyo na ya itakayofuata, na mkwaruzo hauna dawa. Ninafungua kifuniko, ninapitisha kijiti cha pamba chenye spiriti huku nikilizungusha duara kutoka kitovuni, upande wa juu na wa chini, na kuiacha ikauke kabisa. Baada ya kila disketi ninasafisha vichwa. Disketi sita kwa jioni moja ndio mwendo wangu, na sitaki kuuongeza.

Mjomba alikuja baada ya swala ya alasiri. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, na kwa saa nzima kazi yake ilikuwa kunisomea lebo alizoandika kwa mkono na kuniambia ipi ianze. Alipofika kwenye disketi ya 19 alisema, "Hii usiiharakishe, mwanangu. Humu ndimo zilimo fremu zote za kwanza." Tuliisafisha mara mbili. Sekta mbili zilikataa, tukarudia, zikakataa, na kwa mara ya tano zikasomeka.

Aprili 20

Nakala moja ndani ya diski ya laptopu iliyochakaa haitoshi. Amiga 1200 ina tundu la kadi, liitwalo PCMCIA, ubavuni kushoto, na kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash huingia humo kwa adapta ya bei nafuu isiyo na saketi yoyote ngumu. Dereva wake, pamoja na ule wa fat95 wa kusoma FAT, mpangilio wa faili wa kompyuta za kawaida, niliupitisha kwa disketi ya kilobaiti 720 iliyofomatiwa kwenye laptopu yangu kwa draivu ya USB, kwa kuwa Workbench 3.0 huja na programu ya CrossDOS inayosoma disketi za aina hiyo. Baada ya hapo kadi ilitokea kwenye meza ya kazi kama diski nyingine yoyote. Nimepeleka DH1 nzima kwenye kadi, na kutoka kwenye kadi hadi laptopu, ambako picha za IFF, aina ya faili za picha za Amiga, zinafunguka kwa programu za kawaida.

Mei 4

Disketi 46 zimekwisha. Zilizohama kamili ni 41. Tatu zimetoa baadhi ya faili, na mbili hazikutoa chochote, moja ikiwa imekwaruzwa duara zima tangu zamani. Faili zote nimezipanga ndani ya DH1 kwa mwaka, kisha kwa jina la familia kama lebo za mjomba zilivyosema, na hati za mpangilio nimezirekebisha moja moja ili ziite fonti na fremu kutoka DH1 badala ya majina ya disketi. Kazi hiyo ya mwisho imechukua siku tano peke yake.

Jioni hii mjomba ameketi kwenye kibodi mwenyewe. Nimemwonyesha sekunde za kungoja na Ctrl na funguo mbili za Amiga, akafanya. Amefungua onyesho la mwaka 1997, limetembea mwanzo hadi mwisho bila kuomba disketi, na alipomaliza ameanza kuchora fremu mpya. Ameihifadhi ndani ya DH1, ameingoja taa izimike, ndipo akazima.